Mota Isiyo na Chuma wala Sumaku: Maelezo ya Kazi Yake na Mashaka ya Jina Lake

Katika makala haya nakusudia kueleza mota ya umeme ya namna moja ambayo watu wengi wakitajiwa husema haiwezekani, nayo ni mota isiyokuwa na chuma ndani ya koili zake wala sumaku ya kudumu mahali popote. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni lugha. Lakini jambo hili limenifikia kwa mlango wa lugha, maana nimeona kwamba sababu kubwa ya watu kulikataa haitoki katika elimu ya umeme, bali yatoka katika neno moja la Kiswahili, na neno hilo haliwezi kuchunguzwa sawasawa mpaka kwanza tumekifahamu kitu chenyewe. Kwa hiyo nitaanza na kitu, kisha nitalirudia neno.

Mifano yangu mingi naitoa Songea, kwa sababu katika mji huo mota ya umeme si jambo la vitabuni. Kwa miaka mingi Songea iliwashiwa umeme kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na umeme huo haukuwatosha watu. Mwaka 2015 Masista Wabenedikti wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa maji huko Tulila, katika mto Ruvuma, wakauuza kwa TANESCO. Na mwaka 2018 mji uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako kupitia Madaba. Mkoa wa Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na penye mahindi pana vinu vya kusaga. Mwenye kinu aliyekuwa akinunua dizeli sasa aweza kununua mota, na mota zikiwa nyingi hapana budi ziungue, na zikiungua hapana budi wapatikane mafundi wa kuzisuka upya.

Nimesema kuzisuka. Msomaji wa pwani aweza kustaajabu, kwa kuwa yeye husuka mkeka, ukili na nywele. Lakini fundi anayetoa waya wa shaba ulioungua na kupanga waya mpya katika mifereji ya mota husema kwamba anasuka mota, na sioni kwamba kamati yoyote ingaliweza kumpa neno lililo bora kuliko hilo. Kadhalika mtu wa Songea hasemi anapeleka mahindi kwenye kinu; husema anapeleka mashine. Mashine zote duniani zimeacha jina lao kwa moja inayosaga unga. Haya nayataja kwa kupita tu, ili ionekane kwamba watu wanaofanya kazi na mota hawakukosa lugha.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa, tena kwa Kiswahili, kwamba akizungusha waya mara nyingi katika msumari, kisha akaunga ncha za waya katika betri, msumari utakuwa sumaku na utavuta pini. Akiuchomoa msumari, pini huanguka. Kutokana na hayo mtoto hutoa hukumu iliyo ya kawaida kabisa, kwamba nguvu ilikuwa katika msumari na kwamba waya bila msumari ni kitu kilichokufa. Hukumu hiyo si kweli. Akiileta dira karibu na koili ile isiyo na msumari, ataiona sindano ya dira ikigeuka. Nguvu ipo, ila ni ndogo mno kuinua pini. Msumari haukuileta nguvu, uliikuza.

Tofauti hii kati ya kuleta na kukuza ndiyo kitovu cha maelezo yangu yote, na kwa hiyo yafaa tuikalie kidogo.

Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Oersted, alionyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Habari ilipofika Paris mwaka ule ule, Ampère aliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: ikiwa waya waweza kusukuma sumaku, je, waya hauwezi kusukuma waya mwenzake? Akajaribu, akaona kwamba nyaya mbili zilizolazwa sambamba huvutana mikondo ikienda upande mmoja, na husukumana mikondo ikipishana. Hapakuwa na chuma wala sumaku kati yao. Palikuwa na shaba na mkondo tu. Mota ya kwanza ya Faraday, ya mwaka 1821, ilikuwa waya uliozunguka sumaku ya kudumu katika zebaki, na sumaku-umeme ya Sturgeon, iliyotiwa chuma ndani ya koili, ilikuja mwaka 1825. Basi jambo la Ampère lilitangulia yote mawili. Chuma na sumaku vilikaribishwa baadaye katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Tena nguvu ile ya waya kwa waya ilipewa heshima kubwa kuliko zote. Tangu mwaka 1948 mpaka mwaka 2019 kipimo cha ampea kilifafanuliwa kwayo: ampea moja ni mkondo ambao, ukipita katika nyaya mbili ndefu zilizo sambamba, zilizotengana mita moja mahali pasipo na hewa, huzifanya zisukumane au zivutane kwa newtoni mbili zilizogawanywa kwa milioni kumi katika kila mita ya urefu. Mwezi wa Mei 2019 fasili hiyo iliachwa na ikachukuliwa nyingine, lakini nguvu yenyewe haikubadilika. Msomaji ataona jinsi ilivyo ndogo. Mbu mmoja mwenye uzito wa miligramu mbili hulemea mara mia zaidi ya hapo.

Je, kitu ambacho mbu hukishinda mara mia kitazungushaje mota? Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno. Tuchukue koili mbili, kila moja ya mizunguko 100, tupitishe ampea 5 katika kila moja. Kila kitita cha waya sasa chabeba ampea 500 kwa jumla, na kwa kuwa nguvu hutokana na kuzidisha mkondo wa kitita kimoja kwa mkondo wa kitita cha pili, tumeikuza mara 250,000. Kisha tuzisogeze koili mpaka kati yao pawe na sentimita moja badala ya mita. Nguvu yaongezeka mara mia nyingine. Pande zao zinazotazamana zikiwa na urefu wa sentimita 10, twapata kwa makadirio nusu newtoni, yaani uzito wa gramu 50, kama yai moja dogo la kuku. Yai lililoning'inizwa kwenye mkono wa sentimita tano laweza kuzungusha kitu.

Sasa namna ya kuitengeneza. Koili moja, au nusu mbili za koili moja zilizotenganishwa, hufungwa zisitembee. Hiyo ndiyo stata. Ndani yake huwekwa koili nyingine juu ya mhimili wa mti au plastiki. Hiyo ndiyo rota. Mkondo ukipita katika zote mbili, koili ya ndani hugeuka ili ilingane na ile ya nje, kama mtu anayegeuka kumtazama aliyemwita. Ikishalingana husimama, na hapo mota ingekuwa imekwisha kazi yake kabla ya kuianza. Kwa hiyo huwekwa komuteta, yaani vipande vya shaba kwenye mhimili vinavyoguswa na kaboni mbili, ili kila koili ikaribiapo kutulia mkondo wake ugeuzwe na isukumwe tena. Koili moja peke yake ina mahali pa kukwama. Zikiwekwa tatu au zaidi kwa pembe mbalimbali, daima mojawapo huwa inasukumwa. Hakuna siri nyingine.

Mota ya namna hii ina tabia moja ya ajabu. Ukigeuza nyaya za betri, haigeuki kuzunguka upande wa pili, kwa sababu mkondo umegeuka katika stata na katika rota pamoja, na kinyume cha kinyume ni kilekile cha mwanzo. Kwa hiyo huzunguka kwa mkondo wa betri, na huzunguka vilevile kwa mkondo geu, ule ufikao nyumbani na kubadili upande mara mia katika sekunde moja. Mota ya kuchezea ya watoto, yenye sumaku mbili za kudumu, ukiiunga kwa mkondo geu hutetemeka tu na kuungua.

Labda msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mezani. Sivyo. Mwaka 1889 Elihu Thomson, Mwingereza aliyekulia Marekani, alibuni mita ya umeme ambayo kwa hakika ilikuwa mota isiyo na chuma. Mkondo wote wa nyumba ulipita katika koili zilizosimama, na koili za rota ziliungwa kwenye volti za nyumba hiyo. Nguvu ya kuzungusha ilikuwa zao la mkondo na volti, na zao hilo ndilo kipimo cha umeme unaotumika. Chini ya mhimili palikuwa na kisahani cha chuma kisichoshika sumaku, yaani cha shaba au alumini, kilichopita kati ya sumaku za kudumu zilizofanya kazi ya breki tu, ili mwendo usizidi kiasi. Mizunguko ikahesabiwa kwa magurudumu, na mwenye nyumba akaletewa hesabu yake.

Kwa nini Thomson hakutia chuma, naye alikuwa nacho? Kwa sababu chuma si mhesabuji mwaminifu. Ukiongeza mkondo maradufu katika koili tupu, uga wake wa sumaku huongezeka maradufu bila kubakisha kitu. (Uga ni neno la wataalamu wetu, na ni neno zuri: eneo lililo wazi ambamo nguvu yaonekana.) Chuma kikiwamo, uga huongezeka sana mwanzoni, kisha kidogo, kisha karibu na tesla mbili chuma hushiba na hakiwezi tena kusaidia. Tena chuma kina kumbukumbu: mkondo ukiondoka, chuma hubakiwa na masalio ya sumaku ya jana. Katika mkondo geu kila kugeuzwa kwa sumaku hiyo hula nguvu na kutoa joto. Na zaidi ya hayo mikondo midogo huzunguka ndani ya chuma chenyewe bila faida. Ndiyo maana fundi akifungua mota hakuti bonge la chuma, hukuta mabati membamba ya nusu milimita au pungufu, yaliyopakwa rangi ya kuyatenga na kushikamanishwa mamia kwa mamia. Sijapata kuona karakana ambayo mwanafunzi ameelezwa sababu ya mabati hayo; huambiwa tu ayatunze yasipinde.

Galileo Ferraris wa Torino alikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1885 aliziweka koili kwa pembe mraba, akazipitishia mikondo geu miwili ambayo haikugeuka kwa wakati mmoja, na kati yao akatundika silinda tupu ya shaba. Silinda ilizunguka, ijapokuwa haikuunganishwa na waya wowote na shaba haivutwi na sumaku. Uga unaozunguka ulizaa mikondo ndani ya shaba, na mikondo hiyo ikasukumwa na uga ulioizaa. Ferraris alitangaza kazi yake mwaka 1888, naye alidhani kwamba mashine ya namna hiyo haitafaa kwa biashara. Leo jamaa zake ndizo mota zinazosaga mahindi ya Songea.

Nasema hivyo kwa sababu nataka kuondoa dhana iliyoenea, kwamba kila mota ina sumaku ndani. Dhana hii imetokana na mota ndogo za redio za kaseti na za vitu vya kuchezea, ambazo kila kijana amepata kuzivunja na kutoa sumaku mbili zilizopinda. Lakini mota ya kawaida ya kinu cha kusaga haina sumaku ya kudumu hata moja. Stata yake ni waya wa shaba katika mabati ya chuma. Rota yake ni mabati yenye vijiti vya alumini au shaba vilivyofungwa ncha kwa pete, mfano wa tundu la ndege. Basi nusu ya swali letu ilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu lake linanguruma kila asubuhi. Iliyobaki ni nusu ya pili: je, twaweza kukiondoa na chuma?

Tufanye hesabu kwa mota ya kinu ya kilowati 15, ambayo mafundi huiita ya farasi 20, ikizunguka mara 1,450 kwa dakika. Mhimili wake wahitaji nguvu ya kuzungusha ya newtoni-mita 99 hivi. Tuseme kwamba katika kila sentimita ya mzingo wa rota zapita ampea 200 kwa jumla, kiasi ambacho shaba yaweza kukibeba pasipo kuungua ikipulizwa na feni. Chuma kikiwapo, uga katika upenyo kati ya stata na rota waweza kuwa tesla 0.7, na kila sentimita ya mraba ya uso wa rota husukumwa kwa newtoni 1.4. Rota ya ujazo wa lita tatu na nusu yatosha. Mtu mmoja huibeba kwa mikono miwili. Ondoa chuma, acha koili zilezile na ampea zilezile: uga washuka mpaka tesla 0.025, na kila sentimita ya mraba sasa husukumwa kwa newtoni 0.05 tu. Nguvu imepungua mara 28. Ili kusaga unga uleule kwa mwendo uleule, rota lazima iwe na ujazo wa lita 99, yaani nusu ya pipa la mafuta. Shaba yake na joto lake vitakuwa kama mara tisa. Ikiwa mota ya chuma hupoteza kilowati moja katika shaba yake, hii itapoteza tisa, na hizo tisa mwenye kinu atazilipia kama umeme mwingine wowote.

Hayo ni makadirio, wala sikusudii mtu aijenge mota kwa hesabu yangu. Lakini ukubwa wa tofauti ni huo, na watu wapaswa kuujua. Kijana anayesikia kwamba ipo mota isiyohitaji chuma wala sumaku huweza kudhani kwamba amesikia habari ya mota rahisi, au mbaya zaidi, mota inayotoa nguvu kuliko inayopokea. Wapo wanaouza matumaini ya namna hiyo, na wapo wazazi waliouza magunia ya mahindi ili mtoto anunue shaba. Mota ya koili tupu haitoi kitu cha bure. Hupokea umeme mwingi na kutoa kazi kidogo, isipokuwa mahali ambapo kazi yenyewe ni ndogo na kinachotakiwa ni usahihi, kama katika mita ya Thomson.

Upo mlango mwingine, nao ni wa mkondo mkubwa mno. Katika koili tupu zilizoungwa pamoja, ukiongeza mkondo maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Na kwa kuwa hakuna chuma cha kushiba, ongezeko hilo halina kikomo isipokuwa joto la shaba, ambalo nalo huongezeka mara nne. Ili koili ndefu ipate tesla moja bila chuma, yahitaji ampea kama 800,000 katika kila mita ya urefu wake. Shaba ya kawaida haiwezi kuvumilia hayo kwa muda mrefu. Lakini mwaka 1911 Kamerlingh Onnes wa Uholanzi aligundua kwamba zebaki ikipozwa sana hupoteza ukinzani wake wote, na mwaka 1986 Bednorz na Müller walianza kupata vitu vinavyofanya hivyo katika baridi isiyo kali kama ile. Muda mfupi baadaye vikapatikana ambavyo hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yatosha kuvipoza. Mashine nyingi za MRI katika hospitali kubwa hufanya kazi kwa koili za namna hiyo zilizozamishwa katika heli ya maji, zenye tesla moja na nusu au tatu, na katikati yake hakuna chuma. Yupo mgonjwa amelala. Katika nguvu za kiasi hicho chuma kimekuwa mzigo tu. Wahandisi wa meli na ndege wanaitafuta mota ya namna hii kwa sababu ya wepesi wake. Katika kinu cha Songea mtambo wa kuipoza ungegharimu kuliko kinu na nyumba yake.

Kuhusu sumaku za kudumu, sababu ya kuziepuka si ya fizikia hasa, ni ya soko. Sumaku za neodimi, zilizotangazwa mwaka 1984, zina nguvu kuliko zote zilizotangulia, lakini zile za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za joto, na madini yake kwa sehemu kubwa hushughulikiwa nchini China. Mwaka 2010 China ilipopunguza kuyauza nje, bei zilipanda vibaya sana, na tangu hapo baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme, kama Renault na BMW, wametengeneza mota ambazo rota yake ni sumaku-umeme ya waya. Sisi wenyewe tunayo madini hayo katika kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, ambako makubaliano na leseni ya kuchimba vilitolewa mwezi wa Aprili 2023. Hilo ni jambo kubwa lenye haki ya makala yake.

Narudi sasa kwenye neno. Chuma kilicho ndani ya koili huitwa katika maandishi yetu kiini. Aliyelichagua neno hilo alitafsiri la Kiingereza, na kwa mtazamo wa kamusi hakukosea. Lakini tuangalie kila lugha ilikolitoa neno lake. Kwa Mwingereza neno hilo kwanza ni katikati ya tunda la tofaa, ile sehemu ngumu yenye mbegu ambayo mlaji huitupa. Kwa Mjerumani, kama nilivyolisikia nilipokuwa nikisoma huko, ni kokwa, ambayo nayo hutemwa. Wote wawili wakisema kwamba koili haina kitu hicho, msikilizaji hasikii upungufu wowote. Tunda lisilo na kokwa ni tunda jema. Kwetu sisi kiini ni kitu kingine kabisa. Kiini cha yai ndicho chakula cha kifaranga kitokacho. Kiini cha habari ndicho ukweli wake. Kiini cha ugomvi ndicho chanzo chake. Kiini macho chatwambia kwamba hata mboni ilihesabiwa humo. Hakuna Mswahili atupaye kiini.

Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa habari ya mota isiyo na kiini, amekwisha kuambiwa kwamba ni mota isiyo na asili, na hukumu aliyoitoa utotoni juu ya msumari imethibitishwa na mwalimu. Nimewasikiliza wanafunzi wa ufundi wakibishana juu ya jambo hili, na aliyekataa kwa ukali zaidi alitoa hoja moja tu: kitu kisicho na kiini hakiwezi kuwa kitu. Kwa Kiswahili hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Haikuwa sahihi juu ya mota.

Sisemi kwamba istilahi zote zilizopita zivunjwe. Sumaku-umeme limekubalika, uga limekubalika, mkondo ni neno la mto na lafaa sana. Wala sitaki tukimbilie kuazima. Mota, stata na rota zimeingia kwa haki, kwa kuwa mafundi walizipokea wenyewe. Ila hili la kiini lafaa liachwe kwa kazi zake nyingine, hasa kwa kuwa wanafizikia wamekwisha kulitumia kwa katikati ya atomu, mahali ambapo maana yake ya asili hailetwi mashakani. Kwa mota mimi ningependekeza chuma cha koili, maneno mawili yasiyodai zaidi ya yanavyoona. Fundi akifungua mota ataliona jambo lenyewe: koili, na chuma chake. Kimilikishi hicho chamweka mwenye nyumba na mgeni kila mmoja mahali pake.

Yapo mapendekezo mengine. Mwenzangu mmoja alipenda uti, kwa mfano wa uti wa mgongo. Lakini uti nao ni kitu ambacho mwili hauishi bila yake, na tungekuwa tumehama chumba tu katika nyumba ileile. Mwingine alipenda kijazo, kitu kinachojaza nafasi. Hilo silichukii. Lina upungufu mmoja, kwamba lafanya chuma kionekane kama pamba ya mto, hali tumeona kwamba hukuza nguvu mara 28 katika mota ya kinu.

Kisha yahitajika kutenganisha mota mbili ambazo hata wataalamu huzichanganya. Ipo ile ambayo rota yake haina chuma lakini ina sumaku ya kudumu katikati. Ni nyepesi, huanza na kusimama haraka, na nyingi ndogo za namna hiyo ziko katika simu za vibonye, zikizitetemesha mtu apigiwapo. Wajerumani huiita kwa jina la kengele, kwa kuwa koili yake imesukwa mfano wa kengele inayoifunika sumaku, nasi twaweza kusema mota ya kengele bila aibu. Na ipo hii ya makala haya, isiyo na chuma wala sumaku, ambayo nimekuwa nikiiita mota ya koili tupu. Neno tupu nimelitumia kwa maana ya ugali mtupu na chai tupu: kitu ambacho kipo kizima, ila hakikupewa kitoweo.